Waajiri wa Kigoma, tupeni saa za wafanyakazi wenu, siyo siku moja ya fulana

Ndugu Mhariri,

Waajiri wa mjini Kigoma, wa serikali na wa binafsi, wanapenda siku hizi kupeleka wafanyakazi wao wakafundishe kompyuta kwa vijana wasio na uwezo. Nia ni njema, ila utaratibu ndio mbovu. Kosta inaingia Ujiji saa 4 asubuhi na wafanyakazi waliovaa fulana za siku hiyo, bango linafungwa ukutani, kompyuta kumi za zamani zinakabidhiwa, picha zinapigwa, na saa 8 mchana wageni wote wamesharudi. Miezi mitatu baadaye chumba kina kufuli, na kijana aliyefundishwa siku ile hajui hata faili lake alilihifadhi wapi.

Sisi tunaotengeneza na kufundisha kompyuta tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwaombe waajiri hao kitu kimoja: saa mbili, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12, kwa walimu walewale. Ni saa 48 tu za darasa. Anayeona ni nyingi ajumlishe saa ambazo kamati yake hutumia kupanga hiyo siku ya fulana.

Ratiba ndiyo inayoua madarasa mengi. Vijana wa Kibirizi na Katonga huvua dagaa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, kwa hiyo kazi husimama siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Ukiwapangia Jumanne na Alhamisi mwezi mzima, utawaona wiki moja na kuwakosa zinazofuata, kisha utasema hawana nia. Wapangie siku za mbalamwezi. Mbalamwezi tatu, kila moja siku nane za saa mbili mbili, zinatimiza saa 48 zilezile. Na ziwa likifungwa tena kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, huo ndio muhula wa kufundisha wavuvi.

Wasichana wanaoanika dagaa au kukamua mawese wana kazi tangu asubuhi, hivyo wapangieni saa 10 hadi saa 12 jioni. Ratiba zilizotungwa Dar es Salaam huogopa muda huo kwa sababu ya giza, lakini jua letu huzama kama dakika 40 baada ya kule. Binti anayetoka darasani saa 12 anafika nyumbani Gungu au Buzebazeba bado kweupe.

Sasa vyombo. Kompyuta iliyokaa stoo ya ofisi miaka miwili haifai kupelekwa darasani ilivyo. Ifunguliwe, vumbi lipulizwe, feni izungushwe kwa kidole ionekane kama inakwama. Kama ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, iongezwe ifike 8. Diski ya zamani itolewe, iwekwe SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 240. Hakuna badiliko jingine la bei ndogo linaloifufua mashine kiasi hicho. Diski iliyotolewa ibaki kwa mwajiri, aiharibu mwenyewe. Kufuta mafaili, au hata kufomati kwa haraka, hakuondoi majina na namba za simu za wateja, na tangu kuwepo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo si la kuchezea. Katika mashine kumi za namna hii usishangae zikifanya kazi saba tu. Tatu zinazobaki ziwe vipuri, na ziandikwe hivyo kwenye hati ya makabidhiano ili mtu asije akadaiwa.

Halafu kuna betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032. Ikifa, kila umeme unapozimwa saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kadhaa. Kijana anafungua kivinjari, tovuti zinakataa zikidai cheti cha usalama si halali, naye anahitimisha kwamba intaneti haipo. Mwalimu asiyejua hili atahangaika na modemu siku nzima. Badilisheni betri hiyo kwenye mashine zote kabla ya siku ya kwanza, hata zinazoonekana nzima.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi ya kompyuta zinazotolewa msaada hazikidhi masharti ya Windows 11. Ushauri wetu ni Linux Mint, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce, pamoja na LibreOffice, yenye programu za kuandika na za jedwali (spreadsheet). Ni bure, ni nyepesi, na wale virusi wa flashi wanaoficha mafaili na kuacha njia za mkato tupu hawana pa kushika humo. Wapo watakaosema kijana atakutana na Windows kazini. Atakutana nayo, na fomula za jedwali ni zilezile.

Ongezeni Kiwix, programu ya kuhifadhi tovuti nzima ndani ya mashine, yenye Wikipedia ya Kiswahili inayosomeka bila intaneti. Masasisho yafanyeni ofisini kabla ya kuzileta: mashine kumi zikiamua kujisasisha pamoja kwenye bando moja, kila moja inavuta mzigo uleule peke yake, na bando la mwezi linaisha kabla kipindi hakijaisha.

Umeme usiwe kisingizio. Kompyuta ya mezani na kioo chake hula kama wati 100. Kumi zikiwaka saa mbili ni uniti 2; kwa saa 48 ni uniti 48, ambazo kwa bei ya sasa hazifiki shilingi 20,000. Lakini lazima ijulikane tangu mwanzo nani ananunua LUKU, kwa sababu mwenye ukumbi akishaona uniti zinapungua asijue kwa nini, ufunguo utaanza kupotea. Ekstensheni zisiunganishwe moja juu ya nyingine, na kila mashine mbili ziwe na UPS moja, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika dakika tano, darasa lisilo na UPS linapoteza kazi yote ambayo haijahifadhiwa, na wanafunzi waoga hawarudi.

Katika masomo, tungeomba waajiri waache kukimbilia kutengeneza programu za simu. Wiki mbili za mwanzo ziwe za kipanya, kibodi na folda. Folda hasa. Mwanafunzi atengeneze folda ya jina lake, ahifadhi humo, azime mashine, aiwashe, alipate faili lake bila kuelekezwa. Asiyeweza hivyo asisogezwe mbele.

Baada ya hapo, wiki nne nzima ziwe za jedwali, kwa hesabu wanazozijua. Safu A tarehe, B kilo za dagaa, C bei ya kununua kwa kilo, D nauli ya mzigo, E bei ya kuuza kwa kilo. Faida inakaa F: =B2*(E2-C2)-D2. Hapa litatokea kosa ambalo walimu wengi hawalitarajii. Kijana ataandika 5000/= kama tunavyoandika kwenye daftari la duka. Kompyuta inalihesabu hilo kuwa ni maneno, siyo namba. Jumla inatoka sifuri au fomula inatoa kosa, na kijana anaamini mashine ni mbovu. Dalili yake ni rahisi: namba husimama upande wa kulia wa kisanduku, maneno upande wa kushoto. Tarehe nazo vilevile. Mashine iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani itasoma 3/4 kuwa ni tarehe 4 Machi, na 25/3/2026 itaikataa kabisa kuwa tarehe. Badilisheni mpangilio huo kabla ya kipindi.

Barua pepe na fomu za mtandaoni, zikiwemo za ajira na za mikopo ya halmashauri, zipewe wiki mbili. Msifungue akaunti za Gmail kumi kwa mpigo kwenye intaneti moja. Google inaweza kuona ni ulaghai, ikazuia. Kila mmoja afungue kwa simu yake siku yake. Vijana wetu hubadilisha laini mara kwa mara, na akaunti iliyofungwa kwa namba ya zamani hupotea na maombi yote yaliyomo. Google hutoa misimbo kumi ya akiba, namba za kuingilia akaunti simu inapokosekana, kwa mwenye uthibitisho wa hatua mbili. Aiandike kwenye karatasi, ikae pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Wiki nne za mwisho tungezipa kazi ya mikono inayolipa hapahapa mjini, nayo ni kufunga kebo za mtandao. Mwajiri mwenye kitengo cha TEHAMA ana kila kitu: kebo, vichwa vya RJ45 (vile vya plastiki vinavyochomekwa), koleo la kubania na kipimo. Chuna ganda kama sentimita tatu, nyoosha nyaya nane, zipange: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kata zibaki milimita 13 hivi, sukuma mpaka shaba ionekane mbele ya kichwa, hakikisha ganda la nje limeingia chini ya kibanio, kisha bana.

Anayejifunza hupenda kuweka kijani na nyeupe-kijani pamoja, kwa kuwa ndivyo macho yanavyotaka. Akifanya hivyo pande zote mbili, kipimo cha taa nane kitawaka moja hadi nane bila kasoro, fundi atalipwa na kuondoka, na wiki ijayo ofisi italalamika kuwa mtandao unakwama. Sababu ni kwamba pini ya 3 na ya 6 hubeba mawimbi ya jozi moja, na nyaya zake lazima ziwe zile zilizosokotwa pamoja. Zikitoka jozi mbili tofauti, mawimbi yanaingiliana, na kebo ikiwa ndefu ndiyo mbaya zaidi. Kijana akishaelewa sababu hiyo anaweza kuitwa fundi. Akikariri rangi tu, atasahau.

Wa kufundisha si lazima wawe wahandisi. Karani anayeshinda kwenye jedwali kutwa mara nyingi hufundisha vizuri kuliko mtaalamu wa mifumo, kwa sababu bado anakumbuka lililomtatiza. Kwa vijana 15 wawekwe wawili, mmoja aeleze mbele na mwingine apite nyuma ya viti. Yule wa nyuma asishike kipanya cha mwanafunzi hata mara moja. Aelekeze kwa mdomo. Waandaliwe watatu ili uhamisho au safari ya kikazi isiue darasa. Mwajiri atoe barua inayowaruhusu kutoka saa 9 alasiri siku za vipindi, na nauli ya bajaji. Bila barua, mkuu wa idara atamwita mfanyakazi kikaoni wiki ya tatu, na hapo ndipo habari inapoishia. Wenye umri chini ya miaka 18 ni watoto kisheria: kuwe na ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na mtu mzima asibaki peke yake na mwanafunzi chumbani. Kwa asiyeona, Orca, programu inayosoma yaliyo kwenye kioo, hupatikana kwenye Linux na husoma Kiswahili kwa sauti ya eSpeak, programu ya kutamka maandishi. Sauti yenyewe ni ya kibati kidogo, lakini inaeleweka.

Baada ya wiki 12, ufunguo wakabidhiwe wahitimu wawili, mmoja awe msichana. Waruhusiwe kuchapa barua na kujaza fomu kwa malipo, fedha iingie kwenye daftari, ya kwanza inunue LUKU na ya pili inunue wino. Mwajiri aahidi fundi mara moja kila miezi mitatu kwa mwaka mzima, naye aje na betri za CR2032 mfukoni na SSD moja ya akiba.

Wenu,
Mafundi na walimu wa kompyuta,
Mwanga, Kigoma