Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, tuletee Afisa Kazi huku msituni

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Yah: Vijana tunaoitwa "wa kujitolea" katika kambi ya wageni, Usambara Mashariki

Shikamoo Mheshimiwa. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha serikali ya kijiji hazijajibiwa, na kwa sababu ya yaliyompata mwenzetu juma lililopita. Alitumwa alfajiri akakate mti ulioangukia njia ya maporomoko, maana wageni walipangiwa kupita hapo saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gogo likateleza, likamvunja mguu. Tulimbeba kwa machela ya miti na kanga mpaka barabarani, kisha akateremshwa mlima kwa bodaboda, mtu mmoja nyuma akimshikilia asianguke. Barabara yetu wakati wa masika unaijua. Hospitalini wakauliza mwajiri wake nani. Tukapiga simu kambini, tukajibiwa kwamba yule si mfanyakazi, ni mtu wa kujitolea, ndugu zake wajipange.

Ndugu zake ni mama mmoja mwenye shamba dogo la iliki.

Mheshimiwa, siku ya ufunguzi wa kambi ile ulikuwepo. Ulisimama mbele yetu ukasema msitu sasa utatulisha bila kukatwa, na kwamba ajira zitaanza na watoto wa kijiji. Tulipiga makofi kwa sababu tulikuamini. Wazee wetu walikuwa wameshaacha kupasua mbao, wameshaacha kulima iliki chini ya miti mikubwa, wakiambiwa utalii utaziba pengo hilo. Msitu umesimama. Mto Zigi unashuka kutoka huku na Tanga mjini wanakunywa maji yake, nasi tunafurahi wakinywa. Lakini sehemu yetu ya ahadi iko wapi? Huu ni mwaka wa tatu "tunajitolea".

Naomba ujue kujitolea kwenyewe kulivyo. Saa kumi usiku niko jikoni nawasha kuni za maji ya kuoga. Saa kumi na mbili niko njiani na wageni wa ndege. Bundi wa Usambara namtambua kwa sauti, na najua miamba inayoota Saintpaulia, ua lililopelekwa Ujerumani kutoka milima hii mwaka 1892 na leo linapamba madirisha ya nyumba za watu dunia nzima. Mchana tunang'oa miche ya Maesopsis, mti wa kuletwa unaobana miti yetu ya asili. Jioni vyombo. Zamu zimebandikwa ukutani, na anayechelewa anakatwa posho, posho ambayo haifikishi familia katikati ya mwezi. Dukani nimeandikwa deni. Shamba langu limekuwa pori kwa sababu saa za kulilima ninazimalizia kambini. Mwanangu akiniuliza kwa nini naenda kazini kila siku na hatuna daftari, sina la kumjibu.

Wapo pia wageni wanaokuja kujitolea kutoka Ulaya. Wao wanalipia kitanda na chakula, na wakiumia wana bima. Sina kinyongo nao hata kidogo. Ndio waliochanga pesa za mwenzetu kufungwa plasta, wakati wenye kambi wamekaa kimya. Nahisi kambi imeona kwamba maadamu kuna mzungu anayelipa ili afanye kazi, hakuna haja ya kumlipa mwanakijiji anayefanya kazi ileile. Na nahisi wanajua hakuna ofisa atakayepanda mlima kuja kuuliza.

Mwalimu wa shule yetu ametusomea Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Mtu anayepangiwa saa za kazi, au anayeelekezwa namna ya kuifanya, au anayepewa vifaa, au aliyefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Linatosha moja tu kati ya hayo. Sisi tunayo yote! Saa 45 tunazimaliza kabla juma halijaisha. Na mwajiriwa akiumia kazini upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kwa nini basi mama wa iliki ndiye anayetafuta mteja wa shamba lake ili alipe hospitali?

Hatuombi kambi ifungwe. Tunaipenda kazi hii, na msitu huu ni wetu kabla haujawa wa wageni. Tunataka mikataba, tunataka bima, tunataka mwenzetu atibiwe na aliyemtuma. Kama yote hayo ni mazito kwa sasa, Mheshimiwa, basi tufanyie hili moja: mlete Afisa Kazi. Aione zamu iliyo ukutani, aulize nani anamtuma nani. Ulituahidi ajira, sisi tunaomba tu mtu aje athibitishe kwamba tayari tunafanya kazi. Aje wiki hii, mvua inyeshe isinyeshe. Gari likikwama, tutashuka kulisukuma.

Wako mtiifu,
Mama wa jikoni na muongoza wageni, kwa niaba ya wenzangu kambini