Barua kwa mdogo wangu anayeogopa kuomba ufadhili wa utafiti

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na nimeurudia ule mstari wa mwisho: kwamba watu wa vituo vya utafiti wa kilimo kama wewe hawapati feloshipu za kimataifa, zinachukuliwa na wa vyuo vikuu. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Kibaha, Naliendele, Ukiriguru na Uyole wamejaa vijana wenye shahada ya uzamili, wanaoshinda juani kwenye mashamba ya majaribio, na kila mwaka tangazo linawapita huku wakijiambia si lao.

Umenitumia orodha ndefu ya wafadhili ukitaka nikuchagulie mmoja, halafu ndipo utafute mada ya kumfaa. Naomba ugeuze mpangilio huo. Swali la utafiti litangulie, mwenyeji afuate, mfadhili aje mwisho. Mtu akianza na mfadhili, andiko lake linajaa maneno ya mfadhili, na waliokaa kulisoma wamekwisha kuyaona maneno hayo kwa mamia.

Na wewe swali unalo tayari. Uliniambia wakulima wa Mkuranga wanang'oa muhogo kabla haujakomaa ili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha kiazi ardhini, usiwawahi, ukaniuliza: wanapoteza wanga kiasi gani kwa kuukimbia ugonjwa? Na zile pingili za kupandia wanazopeana jirani kwa jirani, ndizo zinazorudisha virusi shambani kila msimu? Sijui kama ulijua ulichosema. Hilo ni andiko zima la uzamivu.

Fikiria ugonjwa wenyewe. Mwanasayansi H. H. Storey aliueleza kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936, akiwa Amani, hapo kwetu Usambara. Kwa miongo mingi ukahesabiwa kuwa wa nyanda za chini tu, Pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2004 ukajitokeza Uganda, kwenye maeneo yaliyo juu ya mita 1,000, na hesabu zote zikabadilika. Leo tunajua ni virusi vya aina mbili, tunajua nzi weupe wanavieneza na pingili zinavisafirisha mbali zaidi. Wanasayansi wamepeleka hata mihogo ya Amerika Kusini kupimwa katika maabara za Braunschweig, Ujerumani, ambako hakuna shamba la muhogo la kuambukizwa, wakapata aina zenye ukinzani mkubwa. Kazi nzuri sana. Lakini mama wa Mkuranga anaona majani mabichi kabisa, anang'oa, anakata kiazi na kukuta ndani kumeoza rangi ya kahawia, hakifai kuchemsha wala makopa. Na msimu unaofuata anapanda mbegu ileile kwa sababu ni tamu na wateja wake wanaiulizia. Kwa nini? Anaweza kushawishiwa na nini? Maabara ya Ulaya haiwezi kujibu hilo. Wewe unaweza, kwa sababu unakaa naye kwenye mkeka na anakuambia ukweli.

Kwa hiyo usikubali anayekushauri ubadili mada iwe ya uhariri wa jeni, yaani kurekebisha chembe za urithi za mmea, kwa kuwa ndiyo inayotamba. Kama swali lako linahitaji jeni, sawa. Kama halihitaji, usiliburute huko.

Mwenyeji sasa. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, wana watu wa muhogo Ibadan na hapa Dar es Salaam. Brazil, Embrapa, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, wana kituo kizima cha muhogo na matunda Cruz das Almas, Bahia. Soma makala mbili tatu za mtafiti mmoja, kisha mwandikie barua pepe fupi: swali lako, data uliyonayo tayari, na kitu gani hasa cha maabara yake unakihitaji. Usimwite "Mheshimiwa Profesa" bila jina, atajua umewatumia arobaini. Asipojibu baada ya wiki mbili mkumbushe mara moja, kisha nenda kwa mwingine.

Kwa hali yako, na mtoto bado mdogo, ningetazama kwanza OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, Italia. Ufadhili wao wa uzamivu ni wa wanawake na unataka ukasome nchi nyingine inayoendelea. Upo utaratibu wa kubaki umesajiliwa chuo cha nyumbani, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kwa mfano, na kwenda kwa mwenyeji kwa vipindi. AWARD ya Nairobi, programu ya wanawake watafiti wa kilimo Afrika iliyoanza 2008, ni kitu tofauti: haikupi shahada, inakupa mshauri mwandamizi na mafunzo ya uongozi. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno. Na yeyote anayetaka umtumie pesa kwa simu ili "aisukume" fomu yako ni tapeli, mfungie namba.

Kwenye barua ya maelezo binafsi, usianze na kupenda kilimo tangu utotoni, wala usieleze umaskini wa kijiji. Huombi msaada, unaomba kufanya kazi. Aya ya kwanza iwe kile kiazi kilichooza.

Halafu kuna makaratasi, na hapa ndipo wengi wazuri wanapokwama. Ruhusa ya mwajiri ianze kuombwa leo, kabla tangazo halijatoka, maana faili hutembea polepole. Kama sampuli zitavuka mpaka, andika wazi utapata cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na mtasaini mkataba wa kuhamisha sampuli. Sentensi hizo mbili zinamwonyesha msomaji kwamba umewahi kufanya kazi hii kweli. Wanaokuandikia barua za mapendekezo wape mwezi mzima, pamoja na ukurasa wa mambo uliyofanya nao. Mkuu wa kituo ana cheo, lakini yule msimamizi wako wa uzamili aliyekuona ukirudia vipimo hadi usiku ndiye atakayeandika barua yenye uzito.

Jumapili hii niandikie ukurasa mmoja tu: swali, kwa nini sasa, utalijibu vipi. Uandike kwa Kiswahili, kama ulivyonieleza kwenye simu. Kiingereza tutakishughulikia pamoja wiki inayofuata, na bajeti nitakusaidia.

Dada yako