Mwanangu, huo mshumaa

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Baba yako mguu umepungua uvimbe, na bibi yako anauliza kila asubuhi unarudi lini. Kila asubuhi namjibu Mei, naye kila asubuhi anasema Mei ni mbali.

Tangazo la shule liliingia kwenye kundi la wazazi Jumapili, ndio kwanza tumetoka kanisani. Nimelisoma lote. Kikao cha wazazi Ijumaa saa nne asubuhi, mahafali yenu Jumamosi inayofuata, mchango uwe umelipwa wiki moja kabla, kila mhitimu wageni wanne tu. Halafu ratiba ya kambi ya marudio, halafu mtihani wenyewe mwanzoni mwa Mei. Yote mazuri, nikayaandika ukutani kwa chaki ya kukatia vitambaa.

Baadaye mwalimu wa malezi akatuwekea picha za mashindano ya usafi wa mabweni, na wazazi wakashangilia, kila mtu na vikono vyake vya makofi. Picha ya tatu ni bweni lenu. Kitanda chako nilikitambua kwa shuka niliyoidarizi, cha juu, cha pili kutoka ukutani. Kimetandikwa vizuri mpaka nikamwonyesha baba yako. Nikaikuza picha nione kama ule mshono wa pembeni umefumuka. Ndipo nikaona kopo la maziwa ya unga kwenye ubao wa kichwani, ndani yake mshumaa ulioisha nusu, nta imechuruzika hadi ubaoni. Chandarua kimefungwa fundo juu yake, na kati ya fundo na utambi haifiki shubiri moja.

Mwanangu, unasomea mshumaa kitandani?

Usinijibu kwamba ni wa mwenzako. Kopo nalijua, nililijaza karanga mwenyewe mwezi wa kwanza.

Najua umeme unakatika. Najua prepo inaisha taa zikizimwa, na Fizikia haijaisha. Lakini mimi ni fundi cherehani, na vitambaa navijua hata kwa harufu yake vikiungua. Pamba ikishika moto inanuka karatasi na kuacha majivu. Polista haina subira hiyo. Inajikunja, inayeyuka, inadondosha matone yanayowaka, na tone likitua kwenye ngozi linanata. Chandarua chako ni polista. Sweta lako la shule lina nyuzi za aina hiyohiyo. Godoro ni sponji, na sponji ikiungua moshi wake unamlegeza mtu kabla moto haujamfikia, anakufa akiwa bado anatafuta kandambili. Juu ya kitanda cha deka moshi ndio unaanza kufika, maana moshi unapanda. Wewe umelala juu.

Idodi iko mkoa huohuo wa Iringa ulipo wewe. Agosti 2009 ulikuwa hujaanza hata chekechea. Mabinti 12 wa sekondari ya pale walikufa bweni lao lilipoungua usiku, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea. Alikuwa anajisomea, mwanangu. Mtoto mtundu ningemwelewa upesi, ningesema wangu hayumo. Huyo alikuwa na daftari mkononi kama wewe.

Ya Shauritanga sikuandikii. Umekulia Rombo, Juni ya 1994 umeisikia kwa kila mtu mzima wa hapa, mabinti wapatao 40 walioungua bwenini katika usiku mmoja, na unajua kwa nini bibi yako hataki chumba cha watoto kifungwe kwa nje. Mimi mwaka huo nilikuwa darasa la saba, naomba Mungu nichaguliwe shule ya bweni.

Sasa niambie kuhusu mlango. Kwenye ile picha naona mlango mmoja tu, na madirisha yana nondo. Upande wa pili wa bweni kuna mlango? Kama upo, unafunguka au mmeupangia matranka? Usiku matroni anafunga kwa ndani au kwa nje? Kufuli likiwa nje, ufunguo unalala wapi, kwake au kwa mlinzi? Na yeye analala humo bwenini au nyumbani kwake? Haya uyajibu moja moja kwa maandishi. Usiniandikie "usijali mama". Nimechoka na "usijali mama".

Baba yako anasema nisiyapeleke kwenye kikao, nitakuaibisha. Ajenda tumetumiwa: taaluma, chakula, mahafali, mengineyo. Mimi ni wa mengineyo. Nitasimama nimuulize mkuu wa shule ndoo za mchanga ziko wapi, mitungi ya kuzimia moto ilikaguliwa lini, na kama watoto wameshawahi kufanyishwa zoezi la kutoka gizani. Na namba 114 ya Zimamoto ibandikwe mahali matroni anapoiona, ingawa kutoka mjini hadi huko shuleni kwenu gari la zimamoto litakuja kukuta mmeshajizimia wenyewe au basi tena. Ndiyo maana nasema mlango. Ukiona aibu, kaa nyuma na wenzako ujifanye hunijui.

Matokeo ya mock tumeyapata. Biolojia B, Kemia B, na ile hesabu ya BAM uliyokuwa unailia umeivuka. Baba yako aliyapeleka mpaka kwa muuza nyama. Hakuna mtoto wa ukoo huu aliyefika hapo kwa PCB, hiyo Fizikia, Kemia na Biolojia, na nisingependa ulisahau hilo. Ila Fizikia ni D. Mwezi wa kwanza uliniambia Fizikia unaielewa, mwalimu ndiye hamwelewi. Sasa mock imesahihishwa na walimu wengine na D imebaki palepale. Kama ndiyo hiyo unayoikeshea na mshumaa, basi mshumaa haujakusaidia kitu. Lala. Amka saa kumi alfajiri uende darasani kwenye taa, na umeme ukiwa umekatika tumia taa niliyokutumia. Mtu anayesoma amejifunika shuka saa saba usiku anajidanganya. Kesho yake anasinzia kwenye kipindi kilekile alichokikeshea.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na kurasa mbili za suti ya mahafali na mstari mmoja wa masomo. Nimeielewa. Ada ya kidato cha tano na sita serikali iliifuta 2022 tukashukuru, lakini mahafali yamebaki juu ya mzazi. Mchango, keki ya darasa, picha, fulana yenye majina yenu, sasa na suti. Suti nitakushonea. Usiniambie wenzako wananunua za dukani. Za dukani bega linakaa kama hanga bado limo ndani. Kitambaa nimeshakipata, bluu iliyoiva, na bitana nitakutolea kwenye kipande kilichobaki cha mteja. Shangazi zako wanataka vitenge vya sare waje kukutunza wakicheza mpaka mbele kwa mgeni rasmi. Nimewaambia wageni ni wanne. Wamesema wanne ni wa ndani ya ukumbi, nje hakuna anayehesabu. Hapo sikuwa na la kujibu.

Cheti chako cha kuzaliwa kinanisumbua. Jina la babu yako kimeliandika kwa L, cheti chako cha kidato cha nne kimeliandika kwa R. Ukienda kuomba mkopo, Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wale wa vizazi na vifo, na majina yasipofanana utarudishwa. Baba yako ameshakwenda wilayani, pale Mkuu, mara kadhaa na huo mguu wake. Wanamtaka aje na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki na barua ya mtendaji. Kadi ya kliniki nimeipata chini ya mashine, panya wameila pembeni lakini jina linasomeka. Wewe kazi yako ni moja: fomu yoyote utakayojaza shuleni kabla ya kuondoka, andika kama cheti cha kidato cha nne kinavyosema, herufi kwa herufi. Usitengeneze jina zuri.

Na JKT, ukiitwa kwa mujibu wa sheria, wataita mara tu mkimaliza mtihani, muda wa kujiandaa hautakuwepo. Kwa hiyo naanza sasa. Binti wa jirani alikwenda mwaka jana, orodha yake ninayo: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, ifike magotini, isiwe na zipu, fulana ya kijani isiyo na maandishi, shuka mbili za bluu bahari, raba, soksi nyeusi. Bukta nitashona mbili. Baba yako amecheka sana kwamba wanajeshi wanaogopa zipu. Ukipangiwa Mafinga baridi utaijua, sweta la sasa usimgawie mtu.

Mdogo wako yuko kidato cha pili na mtihani wa upimaji ni Novemba, yeye anajua ratiba ya Ligi Kuu tu. Umwandikie, wewe anakusikia. Masika yameanza vizuri, migomba ya nyuma imesimama, ila upepo umelaza miwili upande wa jirani na tumeshaanza kugombana ya nani. Ng'ombe amezaa dume. Mtungi wa gesi ulikwisha katikati ya kupika makande, nikamalizia kwa kuni, na bibi yako akasema ndiyo yameiva safari hii.

Narudi kwenye mshumaa, maana nikikutajia mara moja utasoma upite.

Ukimaliza barua hii, nenda kautoe. Usiuhamishie kwa mwenzako wa chini, maana moto wa kitanda cha chini ni wako wewe wa juu. Na wenzako uwaambie. Najua ni mambo ya kidato cha sita, kila mtu mkubwa, hakuna wa kumwambia mwenzake. Waambie mama yangu ni mkorofi, kaona picha, anakuja. Na ile hita ya kuchemshia maji niliyosikia mnaibadilishana, waya umeingizwa kwenye soketi bila plagi, mkashikiza kwa njiti za kiberiti, hiyo nayo. Umeniuliza nimejuaje? Una rafiki ana mama mwenye mdomo, na mimi nina simu.

Taa uliyoniomba Desemba imo kwenye begi, nimeifunga ndani ya taulo chini ya kaunta buku. Inachajiwa kwa jua na kwa umeme. Iweke dirishani asubuhi, uiandike jina kwa maka, na usiku uwashe mwanga wa chini, ule unakaa mpaka alfajiri. Nimeweka mbili. Ya pili mpe huyo wa kitanda cha chini, mwambie ni mkopo mpaka Mei. Karanga zimo, sabuni ya mche imo, dawa ya meno, taulo za kike za miezi miwili, na hela kidogo ndani ya soksi ya kijivu. Kopo safari hii sijaweka. Karanga nimefunga kwenye mfuko.

Begi nimempa dereva wa basi la Iringa, yule anayemjua mjomba wako, atamwachia mwenye duka pale njia panda. Anarudi huku Alhamisi. Majibu yangu nataka yaje naye: mlango, ufunguo, matroni analala wapi. Mimi nitaondoka Jumatano ya wiki ya kikao, nilale Dodoma kwa mama yako mdogo, Alhamisi nipande gari la Iringa, Ijumaa saa mbili niko getini. Kikao kikiisha nitaomba kuingia bwenini nione hicho kitanda kwa macho yangu, na mwalimu wa malezi nimeshampigia, amekubali.

Kwenye karatasi hiyohiyo ya majibu weka kipimo cha kiuno na cha bega. Vya Desemba sivitumii, ulikuwa umekula sikukuu. Mwazime matroni futi yake. Asipokuwa nayo, pima kwa uzi, ufunge fundo, uuweke ndani ya bahasha.

Mama yako