Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Hatujanunua Mfumo Mpya

Ndugu wanachama, mama zetu na baba zetu, wazee mliotutangulia katika kazi hii ya forodha na usafirishaji, jambo yenu nyote.

Katika mkutano mkuu uliopita mliipa kamati ruhusa ya kununua mfumo mpya wa kompyuta wa chama. Pesa ilitengwa, wauzaji wakafika bironi na mikoba yao, na wengi wenu mmenisimamisha mpakani Kasumbalesa kuuliza mfumo unaanza lini. Haujanunuliwa. Fedha yake iko benki, na mweka hazina ataionyesha katika hesabu zake. Kamati iliahirisha ununuzi ili kwanza ifanye kazi ambayo hakuna muuzaji angetufanyia: kuchora chama chetu kilivyo leo, kinavyotakiwa kuwa, na mahali teknolojia inapoingia kati ya hayo mawili. Kazi hiyo huitwa usanifu wa taasisi. Sehemu kubwa ya taarifa hii inaihusu, kwa sababu naamini ndiyo kazi yenye faida kuliko zote tulizofanya mwaka huu.

Tulianzia kwenye katiba ya chama, kompyuta tukaziacha kando. Tuliulizana: chama hiki kinatakiwa kuweza kufanya nini, hata kama watumishi wote na programu zote zingebadilishwa kesho? Kuandikisha wanachama na kuwatambua. Kukusanya michango. Kulipa msaada wa msiba na wa ugonjwa. Kufundisha vijana wanaoingia kazini. Kufuatilia dosiye, yaani mafaili ya mizigo inayopita forodhani, za wanachama wadogo wasio na biro mpakani. Na lile ambalo katiba imeliweka mbele ya yote: kuwasemea wanachama kwa ofisi za serikali na kwa wenye maghala na maegesho. Kila uwezo tuliuandika kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Chini yake tukaandika programu, madaftari, simu na watu wanaoubeba, na pesa tunayoutolea kila mwaka.

Hapo ndipo mambo yalipoonekana. Hesabu zilikuwa na programu mbili zinazofanya karibu kazi ileile. Michango ilikuwa na programu yake, daftari lake, na kundi la WhatsApp lililojaa picha za risiti za M-Pesa na Airtel Money. Chini ya kuwasemea wanachama hapakuwa na kitu chochote, hata jedwali la Excel. Miaka yote tumeingia vikaoni na maneno kama "malori yanakaa sana" na "karatasi zinachelewa", huku wenzetu wa upande wa pili wa meza wakija na tarakimu. Pesa yetu ya teknolojia imekuwa ikienda mahali palipo na muuzaji. Mahali palipo na lengo la chama lakini hapana muuzaji, haikufika.

Najua baadhi yenu mnaona usanifu wa taasisi ni mambo ya makampuni ya migodi na mabenki. Fani yenyewe ilianzia kwa wakubwa, ni kweli. Mwaka 1987 John Zachman alichapisha makala katika jarida la IBM akipendekeza jedwali la kuelezea mifumo ya habari ya shirika, kwa mfano wa michoro anayoitumia msanifu wa majengo. Jedwali hilo la kwanza liliuliza maswali matatu: nini, vipi na wapi. Mwaka 1992, yeye na John Sowa waliongeza nani, lini na kwa nini. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi mwaka huu, maana sisi pia tulikuwa tumefika kwenye matatu ya kwanza tu. Tulijua tuna kompyuta gani, zinafanya kazi vipi, ziko biro gani. Kwa nini tunalipia programu fulani kila mwaka, hakuna aliyeweza kujibu. Mwaka 1993 wachunguzi wawili, Henderson na Venkatraman, walieleza kwamba mkakati wa shirika na teknolojia yake havilingani vyenyewe, bali vinahitaji kulinganishwa tena na tena kadiri kimoja kinavyobadilika. Mwaka 1996 Marekani iliwapa wakuu wa teknolojia wa wizara zake jukumu la usanifu huo kisheria.

Njia inayofuatwa zaidi leo ni TOGAF, iliyotolewa kwanza mwaka 1995 na shirika la The Open Group na kufikia toleo la 10 mwaka 2022. Hatukuichukua nzima, ni nene mno kwa chama kama chetu. Tulichukua mpangilio wake wa tabaka nne: kazi ya taasisi, data, programu, kisha mitambo. Utaratibu wa kuzipitia ndio wenye thamani. Ukianza na mitambo, kila kilicho juu yake kitajikunja kuifuata. Ukianza na kazi, mitambo hubaki mtumishi.

Tabaka la data ndilo lililotuchukulia muda mwingi, na naomba mnivumilie hapa, kwa sababu shida zetu nyingi zimelala humo. Tuanze na majina. Mwanachama wetu ana jina, postnomu (jina linalofuata hilo la kwanza) na prenomu (kama Jean au Marie). Katika daftari la michango ameandikwa kwa jina na postnomu, katika orodha ya mafunzo kwa prenomu na jina, na kwenye simu yake ya malipo ameandikishwa mtu wa tatu, labda mke wake au mdogo wake. Kwa mtu anayemfahamu, huyo ni mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu, na wawili kati yao hawajalipa mchango. Ndiyo maana familia iliyofiwa inaweza kusubiri msaada wakati biro inatafuta kama marehemu alikuwa mwanachama hai. Programu mpya ya bei yoyote ingewameza watu hao watatu na kuwatunza vizuri, kila mmoja peke yake.

Kuna saa pia. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Dosiye iliyofunguliwa hapa na kujibiwa kule, isipoandikwa ni saa ya wapi, inaweza kuonekana imejibiwa kabla ya kuulizwa. Kwa mazungumzo ya kawaida hilo halina uzito. Ukitaka kuthibitisha kwamba lori limesubiri tangu saa fulani mpaka saa fulani, ndipo lina uzito wote.

Na sarafu. Mchango unalipwa kwa dola au kwa franga, kila mtu na uwezo wake, lakini vitabu vya hesabu chini ya kanuni za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika ya sheria za biashara ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012, vinatakiwa viwe kwa franga. Daftari letu lilibeba tarakimu bila kusema kila mara ni za sarafu gani wala kwa kiwango cha siku ipi.

Jambo la mwisho kwenye data lilinigusa zaidi. Jedwali letu la dosiye lina safu iliyoandikwa "nambari ya lori". Mizigo yetu mingi hakika inakuja kwa lori, kutoka Dar es Salaam, Durban, Beira au Walvis Bay, ikipita Zambia mpaka Kasumbalesa. Lakini reli ya Lobito, bandari ya Angola, inafufuliwa, na mzigo unaoingia kwa behewa kupitia Dilolo hauna nafasi katika jedwali hilo. Safu moja tu imeandika ndani ya chama kwamba kazi yetu ni barabara. Je, ndivyo tulivyokubaliana? Hakuna mkutano uliowahi kupiga kura hiyo.

Kuhusu Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha ya serikali, nimesikia ombi la mfumo utakaoiga yote yaliyomo ndani yake ili tusiitegemee. Kamati inapinga. Sydonia ilianzishwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, mwaka 1981, kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi zilizotaka takwimu za biashara yao ya nje, na imekua kuwa chombo cha forodha za nchi nyingi. Malengo yake ni ya serikali: tamko sahihi la mzigo, ushuru, takwimu. Inayafanya hayo, na hatuna sababu ya kuiomba ijibu swali letu la nani amesubiri wapi. Sisi tutunze nambari ya tamko tu, iwe kiungo kati ya dosiye yetu na kumbukumbu ya serikali, na kando yake tuandike yale ambayo ni yetu: siku na saa mzigo ulipofika, karatasi ilipokamilika, malipo yalipofanyika, gari lilipotoka. Mipaka ikiwa wazi hivyo, mfumo wetu unabaki mdogo na wa bei ndogo.

Wengine wameuliza zile programu mbili za hesabu zilitoka wapi. Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kwamba shirika likitengeneza mfumo, mfumo huo utafanana na jinsi watu wa shirika wanavyowasiliana. Biro ya mjini na biro ya mpakani ziko mbali kwa karibu kilomita 90, na kwa muda mrefu zilizungumza mwisho wa mwezi tu, kila moja ikiwa na mhasibu wake. Programu mbili zilikuwa picha halisi ya hali hiyo. Kuziunganisha bila kuunganisha kazi ya wahasibu kungerudisha mambo yaleyale. Kwa hiyo tumeanza na wahasibu: sasa wanakaa pamoja kila wiki, na orodha ya akaunti ni moja. Programu moja itafungwa mwaka wa fedha ukiisha.

Yaliyokwisha kufanyika hayakugharimu pesa nyingi. Kila mwanachama amepewa nambari moja ya kudumu, inayotumika katika michango, mafunzo na msaada, bila kujali jina limeandikwa vipi wala simu ni ya nani. Kila dosiye inayofuatiliwa na chama ina nambari yake. Saa zote zinaandikwa za Lubumbashi, na safu ya lori sasa ni "chombo cha usafiri". Vijana wa biro ya mpakani wanaingiza nyakati kwa simu, na fomu inafanya kazi hata umeme au mtandao ukikatika, kisha inatuma baadaye. Nawashukuru sana vijana hao. Wameifanya kazi hiyo kwenye vumbi na jua, wakati wengine wetu tuko kivulini na karatasi zetu za ukutani.

Mzee mmoja wetu alisema kikaoni kwamba kuchora hakujazi tumbo. Namheshimu, na nilimjibu kwa mfano ulio karibu. Barabara za katikati ya mji wetu zimenyooka na kukatana vizuri kwa sababu zilipimwa na kuchorwa mji ulipoanzishwa mwaka 1910, nyumba zikafuata. Palipojengwa kwanza na kupimwa baadaye, gari la wagonjwa linatafuta njia.

Mambo mengine kwa ufupi. Mafunzo ya vijana yameendelea kama kawaida. Mfuko wa mshikamano umelipa kila ombi lililotimiza masharti. Kuhusu taarifa za wanachama, Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data binafsi, kwa hiyo kundi la WhatsApp la risiti limefungwa. Tafadhali msipeleke tena picha za vitambulisho humo.

Kamati inaleta kwenu maombi mawili ya kupigiwa kura. La kwanza ni kuunda meza ya usanifu ya kudumu: katibu, mweka hazina, mwakilishi wa Kasumbalesa, mwakilishi wa wanachama wadogo na fundi mmoja. Wengi wao kwa makusudi hawatakuwa mafundi, kwa kuwa ramani hii ni ya wenye chama. Ununuzi wowote wa teknolojia utapita kwao, nao watauliza unatumikia lengo gani la katiba, unagusa data gani, na ukija ni kitu gani cha zamani kinaondoka. Pasipo majibu, hauendi mbele, hata kama mwombaji ni mwenyekiti.

La pili ni kutumia sehemu ya fedha iliyotengwa kwa mfumo wa kufuatilia dosiye na nyakati zake, ili kikao chetu kijacho na ofisi za mpakani tukiingie na kumbukumbu mkononi. Sehemu iliyobaki ikae benki mpaka meza hiyo ionyeshe pengo linalofuata. Rasimu za maazimio yote mawili ziko kwa katibu katika biro zote mbili, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.