Risala ya Wanakikundi wa Kitalu cha Msambu kwa Mgeni Rasmi, Usambara Mashariki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa serikali ya kijiji,
Wazee wetu na wageni waalikwa,

Karibu sana. Miche uliyokagua kitaluni ni ya msambu, mti wa asili wa milima ya Tao la Mashariki. Mbegu zake hukamuliwa mafuta, ndiyo maana wakulima wengi wanautaka mashambani. Hofu yetu ni kuupanda kwa pupa tukaishia na mashamba ya miti iliyo ndugu wa mama mmoja tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tatizo huanzia kwenye kuokota. Tunda la msambu huwa na uzito wa kilo kadhaa, na mti mmoja wa kando ya barabara unaweza kumtosheleza mwokotaji. Lakini miche yote itakayotoka humo ni ya mama mmoja. Ikikua na kuchavushana yenyewe kwa yenyewe, uzao wake hudhoofika, na ugonjwa ukiingia ni vigumu kupata mti wenye vinasaba tofauti vya kutosha wa kuustahimili.

Kwa hiyo tunaokota kwenye miti mama isiyopungua 30, inayoachana mita 100 au zaidi. Matunda huanguka chini ya mama, na panya buku wanaobeba mbegu hawafiki nazo mbali, hivyo miti jirani mara nyingi ni ndugu. Kila mti huchangia idadi sawa ya mbegu, hata kama mmoja umezaa maradufu. Namba ya mti huandikwa kwenye mfuko na kuifuata mbegu hadi kwenye kiriba, yaani kimfuko cha kukuzia mche. Miche huchanganywa siku ya kupelekwa shambani.

Mbegu za msambu hazitaki kukaushwa. Tunazilaza kwenye tuta la mchanga wenye unyevu, na nyingine huota baada ya mwaka kupita. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea bila mtu kuiona: tuta likimwagwa mapema, uzao wa miti mama ambayo mbegu zake huchelewa kuota hutupwa wote. Sisi hatumwagi tuta kabla ya miezi 18.

Kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti kilichokatwa kwenye mti mkubwa) na mche, kunawahisha matunda, ila kuna mtego wake. Msambu una miti dume na miti jike, na kila mkulima anataka jike. Vikonyo 200 vya jike mmoja ni mti uleule mara 200, na pasipo dume karibu hakuna tunda. Tunakata vikonyo kwenye majike mengi, na hatutoi miche ya majike bila madume ndani yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. Kwanza, utusaidie kupata kibali cha kuokota mbegu chache ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, maana misambu iliyobaki katikati ya mashamba ya chai ni michache na imetengana na mingine. Pili, vifaa viwili vya GPS, ili kila mti mama uingie kwenye rejista pamoja na mahali ulipo.

Tunaomba kuwasilisha.