Wanaonunua umaarufu mtandaoni nao waulizwe

Mhariri,

Lawama za kelele za kupikwa mtandaoni huwaangukia vijana wanaozipiga. Mteja wao hatajwi.

Mwaka 2021 Mozilla ilichapisha uchunguzi kuhusu kampeni za kulipiwa kwenye Twitter hapa Kenya, zikiwemo za kuwashambulia majaji na wanaharakati waliopinga BBI, mpango wa kubadilisha katiba. Malipo yalikuwa dola 10 hadi 15 hivi kwa siku. Kazi yenyewe hupangwa kwenye kundi la WhatsApp: inatumwa alama reli (hashtag), maneno ya kunakili na saa ya kuanza. Wote wakiandika kwa mpigo, mtandao unadhani nchi nzima inalizungumzia jambo hilo, nao unalipandisha kwenye orodha ya yanayovuma. Hapo watu halisi wanajitosa bure, wengine kwa kubisha tu. Mnunuzi alikuwa akiwasubiri hao.

Wafanyabiashara nao wana sababu zao. Muuza viatu wa Instagram anajua mteja hatatuma M-Pesa kwa akaunti yenye wafuasi mia mbili, basi ananunua elfu kumi. Fungua picha zake: laiki tele, na maoni ni “safi sana” ya akaunti zisizo na sura. Hakuna anayeuliza bei!

Marekani ilipitisha kanuni mwaka 2024 inayokataza kuuza na kununua wafuasi bandia kwa ajili ya biashara. Mamlaka yetu ya Ushindani, inayopaswa kuwalinda wateja, inasubiri nini?

Msomaji,
Nakuru