Mwanangu, hizi muvi ziangalie, na moja usiiangalie peke yako

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mesej yako nimeipata na ile listi yako ndefu ya muvi nimeisoma yote, hii tisa kwa kumi, hii saba kwa kumi, hii mama usipoteze muda. Nimefurahi sana umenikumbuka. Ila ngoja nikwambie kitu, mie hizo namba bado haziniambii chochote. Tisa kwa nani? Mimi na wewe tunapenda vitu tofauti, wewe unataka muvi ikukamate tangu dakika ya kwanza, mie nataka kwanza nimjue mtu, nimjue anavyokaa na anavyoongea na watoto wake, afu hayo matatizo yamkute nikiwa nishamzoea. Kwa hiyo ukinipendekezea kitu niambie kwa nini umeniwaza mimi, kuna nini humo ambacho unajua ntakipenda au kitaniumiza, niiangalie nikiwa na hali gani. Na mie ndo ntakavyokuandikia hapa.

Kuna muvi inaitwa The Father, ya 2020, hii ndo imenigusa kuliko zote nilizoangalia karibuni. Mwongozaji ni Mfaransa, Florian Zeller, mwanzo aliiandika kama mchezo wa jukwaani. Stelingi ni Anthony Hopkins, anacheza mzee anayepoteza kumbukumbu, na Olivia Colman ndo binti yake. Sasa muvi za ugonjwa huu ziko nyingi na nyingi zinafanana, mgonjwa anasahau, familia inalia, mziki wa huzuni unapigwa, basi. Hii imekuweka wewe ndani ya kichwa cha mzee. Unaangalia nyumba, baada ya muda unaona kama fanicha sio zile, ukuta nao rangi imekuwa nyingine, binti anaingia mlangoni na ni mwanamke mwingine kabisa lakini anaongea kama yeye ndo binti, na wewe unaanza kujiuliza hivi kuna sehemu imenipita, nirudishe nyuma? Usirudishe mwanangu. Huko kuchanganyikiwa ndo muvi yenyewe, yaani badala ya kumwonea huruma mzee wa watu kwa mbali unapotea pamoja naye, na akikasirika unamwelewa kabisa maana hata wewe ungekasirika. Hopkins alipewa Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2021 akiwa na miaka 83, hakuna aliyewahi kuipata akiwa na umri mkubwa hivyo, na dakika za mwisho sikusimulii ila ukizifikia utajua kwa nini walimpa. Ni dakika 97 tu. Hii ndo ile ninayokwambia usiiangalie peke yako usiku, na usiiangalie siku ambayo una mawazo. Tafuta mtu wa kukaa naye, iangalieni mchana, halafu mpate muda wa kuongea.

Kuhusu Oppenheimer, ile ya mwanasayansi aliyeongoza kutengeneza bomu la atomiki, ambayo umeiweka juu ya zote, nimeiangalia masaa yote matatu na siwezi kukubaliana na wewe moja kwa moja. Ile sehemu ya jaribio la bomu, Julai 1945, ni kazi kubwa sana, mwanga unatokea kwanza afu kimyaaa, unasikia watu wanavyohema tu, halafu ndo kishindo kinafika, na ndivyo inavyokuwa kweli maana mwanga unasafiri haraka kuliko sauti. Pale niliweka mkono kifuani. Lakini mwongozaji wake, Christopher Nolan, hampi mtu nafasi ya kupumua, mziki uko chini ya karibu kila maongezi, mtu anasema neno zito na kabla halijakuingia wameshahamia chumba kingine. Na wanawake wa ile muvi wamepewa nafasi ndogo mno, Emily Blunt, anayecheza mke wa Oppenheimer, ana ile sehemu anayohojiwa na anawajibu wale wanaume mpaka unatamani Nolan angemwachia Emily masaa yake mawili, afu anapotea. Kitu kimoja ambacho labda hukukiona, sehemu za rangi ni mambo kama Oppenheimer mwenyewe anavyoyaona, na zile zisizo na rangi ziko upande wa Strauss, yule mpinzani wake anayechezwa na Robert Downey Jr. Ukiirudia ukiwa unajua hilo vile vikao vya mahojiano vya mwishoni vitakukalia vizuri zaidi. Oscar saba sio mchezo, sibishi, ila kwangu mie haipandi namba moja.

Kwangu namba moja mwaka huu ni ya Brazili, I'm Still Here, ya Walter Salles, imetoka 2024. Hii nimeiangalia nikakuwaza wewe mwanzo mwisho. Ni habari ya kweli, Rubens Paiva alikuwa mbunge zamani, Januari 1971 wakati wanajeshi wanatawala wakaja watu nyumbani kwake Rio wakamchukua, wakasema ni kwa mahojiano tu, akajiandaa akaondoka nao na hakurudi. Muvi inabaki na mkewe Eunice na watoto watano. Kinachonifanya niipende ni kwamba kabla ya hao watu kufika umeshakaa na hii familia muda mrefu, watoto wanatoka baharini na mchanga miguuni, wanacheza mziki, wanagombana, nyumba imejaa watu, kuna mbwa, mpaka unajiona kama mgeni aliyezoeleka. Ndo maana mapazia yakifungwa na ile nyumba ikiwa giza inakuuma kama ni kwako. Na Eunice halii hovyo mbele ya watoto. Kuna sehemu wanapigwa picha ya gazeti na mpiga picha anataka waonekane na huzuni, mama anawaambia watoto wake wacheke. Pale nilisimamisha nikanyamaza kwanza. Mimi kama mama nimejua kabisa kile kicheko kina nini ndani.

Eunice baadaye alisoma sheria akawa wakili, na hati ya kifo cha mumewe aliipata 1996, miaka 25 baada ya kuchukuliwa, mtu anaishikilia kwa furaha karatasi inayosema mumewe amekufa, hebu fikiria. Anayemcheza ni Fernanda Torres, na Eunice akiwa mzee anachezwa na mama yake mzazi Fernanda, Fernanda Montenegro, ambaye haongei kitu na macho yake yanasema yote. Ilichukua Oscar ya filamu bora ya kimataifa 2025, ya kwanza kwa Brazili. Tafadhali tafuta yenye sauti za Kireno wenyewe usome maandishi chini, ukichukua waliyoingizia sauti za Kiingereza unampoteza yule mama.

Kwa mdogo wako chukua Flow. Ni katuni ya Latvia, 2024, ya Gints Zilbalodis, paka na wanyama wengine wamepanda mashua baada ya mafuriko kufunika kila kitu, na hakuna neno hata moja, paka analia kama paka na mbwa anabweka kama mbwa. Sauti ni za wanyama wa kweli, ila yule kapibara, mnyama kama panya mkubwa sana, sauti yake ilikuwa nyembamba mno hailingani na upole wake wakamwekea ya mtoto wa ngamia. Wameitengeneza kwa Blender, programu ya kutengenezea katuni ambayo mtu yeyote anaipakua bure, wewe unayesemaga huwezi kuanza mpaka ununue vifaa nataka ulijue hilo, maana iliwashinda wenye mapesa yao ikachukua Oscar ya katuni 2025. Simu wekeni mbali wote wawili, ukiangalia pembeni kidogo hakuna mtu wa kukusimulia kilichotokea.

Godzilla Minus One, ya Kijapani ya lile dude kubwa la baharini, najua utaipenda, ina eksheni yako na ina mtu ndani yake, iangalie haraka tuje tuongee.

Halafu hili la kusema muvi zisizo na rangi zinakuletea usingizi, naomba unipe dakika 96 tu. 12 Angry Men, ya 1957, Sidney Lumet. Watu 12 wa kawaida walioitwa na mahakama kutoa uamuzi wamefungiwa chumba kimoja waamue kama kijana amemuua baba yake, joto kali, feni imegoma, 11 wanasema ana hatia waende zao na mmoja anasema ngojeni kwanza tuongee. Karibu yote iko mle chumbani na hutachoka. Angalia kamera, mwanzo iko juu kidogo ya macho na chumba kinaonekana kipana, kadri ugomvi unavyokolea inashuka na nyuso zinasogea, mpaka mwisho unaanza kuona dari limewaelemea. Walibadilisha lenzi makusudi. Wewe mwenye kupenda kubishana utaikubali hii, ila angalia yule anayebisha anavyouliza maswali badala ya kupayuka.

Basi anza na Flow wikendi hii na mdogo wako, ya Brazili uniambie siku unayoiangalia na mie niirudie siku hiyo hiyo. Na ile Parasite ya Korea uliyoniwekea tisa, najua ndo filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar kubwa kabisa, 2020, sasa niandikie vizuri wewe imekufanya nini, na uniambie kabla sijaiwasha kama kuna damu nyingi.

Nakupenda sana,
Mama yako